Andika Majina ya Wanunuzi Kabla ya Kupeleka Kitabu Mtamboni

Kila mwandishi anayenijia hapa Makorora na muswada wake huanza na swali lile lile: kuchapa kitabu ni shilingi ngapi? Nami humuuliza: nani atakinunua? Wengi hunijibu kwamba kitanunuliwa na yeyote anayependa kusoma. Jibu hilo halitoshi. Huyo "yeyote" hana namba ya simu, hana siku ya gulio, hana duka analopita kila wiki. Mkulima wa machungwa wa Muheza anavyo vyote hivyo, ndiyo maana kitabu chake kinauzika.

Nilikuwa bwana shamba wilayani Muheza mpaka nilipostaafu na kuhamia Tanga mjini. Nimejichapishia vijitabu vya wakulima: cha machungwa, cha viungo kwa watu wa milimani kule Amani, na cha ufugaji wa kuku. Tangu hapo watu hunifuata niwaelekeze, na nimekaa na mzee mmoja wa Pangani mwenye tenzi, mwalimu wa Korogwe mwenye riwaya, na mama mmoja wa Chumbageni aliyeandika mapishi ya nyumbani kwao. Vitabu vyao havifanani hata kidogo, lakini shida zao karibu zote zilikuwa moja. Kwa hiyo naandika hapa yale ninayowaambia, na nalisimamia hili kuliko mengine yote: idadi ya nakala ipangwe na majina ya wanunuzi, isipangwe na bei ya mtambo.

Daftari la majina

Chukua daftari la kawaida, piga mistari upate safu nne. Ya kwanza andika jina la mtu au kikundi. Ya pili, anapopatikana. Ya tatu, nani atakufikisha kwake. Ya nne, amesema nini ulipomwambia habari ya kitabu. Usiandike "wakulima wa Muheza". Andika mwenyekiti wa kikundi fulani, duka fulani la pembejeo karibu na stendi, afisa ugani wa kata fulani, kijana fulani anayenunua machungwa shambani na kupakia malori. Mzee wa Pangani alianza kwa kusema tenzi zake ni za Waswahili wote. Tulipokaa na daftari tukapata madrasa mbili, kikundi cha akina mama wanaosoma Maulidi, wajukuu zake walioko Dar es Salaam, na walimu wa Kiswahili wa shule za jirani. Orodha ikawa fupi, lakini kila mstari ulikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kisha pita ukiwauliza. Anayesema "nitachukua" mhesabu nusu. Anayelipa kabla mhesabu mzima. Ukikusanya oda za kulipia kabla, ziandike kwa tarehe na namba ya simu, mpe kila mmoja karatasi yenye saini yako, na fedha hizo ziweke pembeni kabisa zisichanganyike na za nyumbani. Kitabu kikichelewa, wapigie wewe kabla hawajakupigia. Tanga ni mji mdogo. Jina likichafuka Ngamiani, Raskazone watalisikia kabla ya jioni.

Sasa hesabu yenyewe. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, za kweli utazipata kwa mchapaji wako. Tuseme mhariri ni shilingi 300,000, mchoraji wa jalada 150,000, mpangaji kurasa 100,000, usafiri na simu 40,000. Jumla ni 590,000, na fedha hizo zitatoka uchape nakala chache au nyingi. Mchapaji anakwambia nakala 200 atakufanyia kwa 4,500 kila moja, lakini ukichapa 1,000 atashuka mpaka 2,200. Hapo ndipo waandishi wengi wanapoponzwa, maana 2,200 inavutia sana.

Ukichapa 200, mtambo unachukua 900,000. Ukijumlisha na zile 590,000 unapata 1,490,000. Ukiuza kila nakala 10,000 kwa mkono wako, nakala ya 149 inarudisha fedha zote, na zile 51 zinazobaki zinakupa faida ya 510,000. Ukichapa 1,000, mtambo unachukua 2,200,000, jumla yako ni 2,790,000, na lazima uuze 279 kabla ya kuona senti yako. Kama daftari lako lina wanunuzi 250 wa uhakika, basi kwa nakala 1,000 utakusanya 2,500,000, utakuwa umepungukiwa 290,000, na nakala 750 ziko chumbani. Wanunuzi hao hao 250 kwa nakala 200: umemaliza, una faida, na watu 50 wanaulizia. Hao 50 ndio mwanzo wa orodha ya kuchapa tena, na safari hiyo hutamlipa tena mhariri wala mchoraji.

Mashine za siku hizi zimefanya jambo hili liwezekane. Zamani mtambo wa ofseti ulihitaji kutengenezewa pleti, yaani bamba lenye sura ya kurasa, kwa kila kazi, na gharama ya pleti ni ile ile uchape 50 au 5,000, ndiyo maana nakala chache zilikuwa ghali mno. Mashine za dijitali hazina pleti. Nakala 50 au 100 unaweza kuzitoa hata hapa mjini, na zikawa kitabu cha heshima. Mimi huwa nawashauri waandishi wapya waanze kati ya 100 na 200, wafike ofseti daftari lao likishajaa.

Muswada uive kwanza

Usimpelekee mhariri kitu ambacho hujakisoma kwa sauti. Kaa mahali penye utulivu, soma kurasa zote kama unayemsomea mtu. Ulimi ukijikwaa, sentensi ina tatizo. Weka alama uendelee. Baada ya hapo tafuta wasomaji wawili: mmoja anayelijua jambo lako, mwingine asiyelijua kabisa. Kijitabu cha machungwa nilimpa afisa kilimo mwenzangu na nikampa pia kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kupanda mche. Yule afisa alisahihisha vipimo. Yule kijana aliniuliza, "Mzee, umesema ukate matawi yaliyozeeka, sasa mimi nitalijuaje lililozeeka?" Swali lake lilileta picha mbili na aya nzima, na wakulima wengi wameniambia sehemu hiyo ndiyo wanayoirudia.

Mhariri mlipe. Rafiki anayesoma bure atakusifia, au atakaa na muswada mpaka masika yapite. Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu na mwenye jicho kali anatosha kwa vitabu vingi, ila mpe kazi iliyo wazi: ahariri lugha tu, au aguse na mpangilio? Mpe kurasa kumi za kwanza kama jaribio, lipia hizo kumi, uone kama mnaelewana kabla ya kumkabidhi kitabu kizima. Kama unataka kitabu kitumike mashuleni, jua kwamba ithibati ya vitabu vya shule inatolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwa upande wa lugha kuna Baraza la Kiswahili la Taifa. Waulize taratibu zao mapema, kabla hujachapa, kwa sababu wakitaka mabadiliko baada ya kuchapa, nakala zote zilizopo hazina kazi huko.

Mpangaji kurasa naye ana mitego yake. Programu nyingi zinakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na utakuta "machungwa" imekatwa baada ya herufi "n", "gwa" ikaangukia mstari wa chini. Mwambie azime ukataji huo kabisa. Mwambie pia apitie kila "ng'" aone kile kialama kimekaa upande wake na hakijageuka. Herufi zisiwe chini ya saizi 11, na kama wasomaji wako ni wazee, weka 12. Pambizo ya ndani, inayoelekea mgongoni, iwe pana kuliko ya nje, walau milimita 20 kwa kitabu cha A5 (nusu ya karatasi ya kawaida ya A4), la sivyo maneno yatazama kwenye mgongo na msomaji atakivunja akijaribu kuyasoma.

Saizi, kurasa na karatasi

Kabla ya kuamua saizi mimi hukunja karatasi tupu nikabana pini, nikawa na kitabu kisicho na maandishi, nikaenda nacho kwa wasomaji. Kule Muheza nilimpa mzee mmoja mfano wa A5, milimita 148 kwa 210. Akaugeuza, akajaribu kuutia mfuko wa shati, ukagoma. "Bwana shamba, hiki nikienda nacho shamba nitakishika mkono gani, nami nina panga?" Nikampa mfano wa nusu yake, A6, ukaingia. Kijitabu cha machungwa kikawa A6. Riwaya ya mwalimu wa Korogwe ilibaki A5 kwa sababu inasomwa kitini, na mapishi yalihitaji kitabu kinachokaa wazi mezani bila kushikwa, kwa hiyo tulikibana kwa waya wa kuzunguka.

Idadi ya kurasa ina fedha ndani yake. Mtambo wa ofseti huchapa karatasi kubwa ambazo zikikunjwa hutoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu hupendelea 96, 112, 128. Ukiwa na kurasa 113 utalipia karatasi nzima ambayo karibu yote ni tupu. Afadhali umwombe mpangaji abane kidogo. Ukurasa wa A5 hubeba kama maneno 280 hadi 300, kwa hiyo muswada wa maneno 30,000 unakupa karibu kurasa 105, ukiongeza kurasa za mwanzo unafika 112. Vitabu vyembamba vinavyobanwa pini mbili katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4.

Karatasi ya ndani ya gramu 80 (huo ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi) inafaa kazi nyingi. Kwa riwaya na mashairi omba ile yenye rangi ya maziwa ya mgando, macho hayachoki upesi. Jalada liwe gramu 250 au 300. Kitabu cha kurasa 112 cha A5 kwa karatasi ya gramu 80 mgongo wake ni karibu milimita 5 na nusu. Jina linaweza kuandikwa hapo kwa shida. Chini ya hapo uache mgongo wazi, maana jina likisogea kidogo tu linaonekana juu ya jalada.

Picha za rangi ni ghali, na kwa kitabu cha shamba huwezi kuzikwepa. Jani linaloumwa lina manjano yake, na kwenye picha ya nyeusi na nyeupe manjano hayo hayaonekani, mkulima atabaki kubahatisha. Nilichofanya ni kuzikusanya picha zote za magonjwa mahali pamoja, kurasa nane za rangi katikati ya kitabu, zingine zote nyeusi. Kila aya inayotaja ugonjwa inasema "tazama picha ya 4". Gharama ilipungua sana. Picha zenyewe ziwe kubwa, za ubora wa nukta 300 kwa inchi katika saizi zitakayochapwa. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp imeshabanwa njiani; mwombe mwenyewe akutumie kama dokumenti.

Kwa mchapaji

Omba bei kwa wachapaji watatu, wa Tanga na wa Dar es Salaam, na wote wape karatasi moja yenye maelezo yale yale: saizi, idadi ya kurasa, gramu za karatasi ya ndani na ya jalada, rangi ngapi, jinsi ya kubana, idadi ya nakala. Usipowapa maelezo sawa utalinganisha bei za vitabu tofauti. Atakayekuwa nafuu sana muulize kapunguza wapi. Mara nyingi ni kwenye gundi au kwenye gramu.

Mkishakubaliana, andikeni. Karatasi moja inatosha, lakini iwe na tarehe ya kumaliza, kiasi cha kishika uchumba na cha kumalizia, nakala ya majaribio kabla ya kazi yote, na nani anabeba hasara ya nakala mbovu. Mimi hutoa nusu mwanzoni na nusu nikishazikagua. Ongeza pia kwamba mafaili yote, la kurasa na la jalada, ni mali yako na utakabidhiwa. Nakala ya PDF peke yake haitoshi, taka na faili la asili linaloweza kurekebishwa. Nimemwona mwandishi mmoja akilipia upya kupanga kurasa za kitabu chake mwenyewe kwa sababu aliyempangia alihama mji na kompyuta yake.

Kuna wanaojiita wachapishaji ambao wanataka ulipie kila kitu, halafu mkataba unasema hakimiliki ni yao au kwamba huwezi kuchapa kwingine kwa miaka kadhaa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaoangukia humo ni wazee waliokusanya fedha zao kwa taabu. Ukitoa fedha zote wewe, kitabu ni chako chote. Kama sentensi ya mkataba huielewi, usisaini siku hiyo. Nenda nayo nyumbani, umwonyeshe mtu anayejua sheria.

Nakala ya majaribio ikifika, kabla ya kuisoma naishika. Naifungua katikati na kuilaza mezani, naikandamiza kwa kiganja. Gundi mbaya utaisikia ikilia, na ukivuta karatasi kidogo itaanza kuachia. Nalowanisha kidole gumba na kukipitisha juu ya jalada, kidole kikitoka na rangi naulizia ule utando wa plastiki wa juu. Nainua karatasi moja kwenye mwanga wa dirisha kuona kama mistari ya mbele na ya nyuma imelala juu ya nyingine au imepishana. Nahesabu kurasa moja moja kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, maana mkunjo mmoja ukiwekwa kinyume, kurasa 16 zinavurugika. Halafu ndipo nasoma, nikianza na vitu ambavyo jicho huvipita: jina langu kwenye jalada, jina la kitabu mgongoni, namba ya simu, vichwa vya sura vikilinganishwa na yaliyomo. Rangi za jalada zitakuwa zimefifia kuliko ulivyoziona kwenye simu. Hilo ni la kawaida, kioo kina mwanga na karatasi haina, lakini kama zimegeuka kabisa, mwambie aliyechora alete faili la rangi nne za mtambo na aongeze milimita 3 kila upande za kukatwa.

Saini kwenye nakala hiyo hiyo, andika tarehe, piga picha kila ukurasa. Kazi itakapotoka, hiyo ndiyo ya kulinganishia.

Namba ya kitabu na hakimiliki

Hapa si pa kukaa sana. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa inayokitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na namba za kwetu huwa na 978 ikifuatiwa na 9976 au 9987. Iombe mapema, kabla jalada halijakamilika, na waulize utaratibu wa nakala za kuwasilisha kwao. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha hujaikosea kwenye jalada. Namba ina tarakimu 13. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha zote. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki. Isipogawanyika, kuna tarakimu imeandikwa vibaya.

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, hata bila karatasi ya ofisi yoyote, na kwa sheria ya mwaka 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hata hivyo sajili kazi yako Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, upate ushahidi wa tarehe. Na waandikie wanao mahali mafaili yalipo na nani ana ruhusa ya kuchapa, kwa sababu miaka hiyo 50 ni yao.

Ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu uwe na alama ya hakimiliki, mwaka, jina lako, namba ya ISBN, na simu ya kuagizia. Simu hiyo iwe laini utakayoendelea kuwa nayo, na ikiwezekana iwe na lipa namba.

Kuuza

Nakala moja ya A5 yenye kurasa 112 ina uzito wa karibu gramu 155, kwa hiyo nakala 200 ni kama kilo 31. Zikitoka Dar es Salaam kwa basi mpaka stendi ya Kange hazisumbui, ila zigawe kwenye maboksi mawili au matatu, uzifunge kwa nailoni kwanza, uandike jina na simu pande mbili, na uchukue risiti ya kifurushi pamoja na namba ya basi. Hesabu nakala mbele ya mtu mwingine siku ile ile.

Mkono wako ndio duka la kwanza. Rudi kwenye daftari, piga simu mstari kwa mstari. Kitabu cha wakulima nakiuza pale walipo tayari: mkutano wa ushirika, siku ya gulio, duka la pembejeo ambapo kinakaa kando ya dawa na mkasi wa kukatia matawi. Muuza duka la pembejeo ni rafiki mkubwa wa kitabu cha shamba, kwa sababu mteja anamwuliza swali na jibu liko pale kaunta. Agosti kuna Nane Nane, na kanda yetu inakwenda Morogoro. Tafuteni waandishi watatu au wanne mchangie meza moja. Mama wa Chumbageni aliuza mapishi yake kwenye shughuli za arusi, amekaa na akina mama wenzake, na aliyefungua ukurasa wa mkate wa sinia hakukirudisha kitabu.

Maduka ya vitabu yataka kuchukua kwa mali kauli. Si vibaya, lakini fanya hesabu kwanza. Katika mfano wetu wa nakala 200, kila kitabu kimekugharimu 7,450. Ukiuza 10,000 na duka likakata asilimia 30, unapata 7,000, umepoteza 450 kwa kila nakala. Ukipanga bei 12,000 unabaki na 8,400. Kwa hiyo bei ipange ukiwa tayari unajua kama utapitia dukani au la, na ikishaandikwa jaladani iwe moja kila mahali. Mteja akiona kwako ni nafuu kuliko dukani, mwenye duka hatapokea tena kitabu chako. Acha nakala tano tu, andikishaneni idadi na tarehe ya kurudi, na urudi kweli. Mali kauli isiyotembelewa inasahaulika, na kitabu kinapauka dirishani.

Nakala ya simu, yaani PDF, watu wataitaka, hasa walioko mbali. Iuze, lakini kwa kila mnunuzi weka jina lake na namba yake chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia. Ni kazi ya dakika chache kwa mpangaji, na mtu huona haya kusambaza kitabu chenye jina lake kwenye makundi. Usitume faili lisilo na jina hata kwa ndugu.

Toa nakala chache za bure kwa makusudi: moja kwa maktaba ya mkoa, moja kwa mtangazaji wa redio anayependa mada yako, na kwa kila aliyekusomea muswada. Wengine wote walipe, na waambie hivyo kwa upole siku ya kwanza. Mtu wa karibu akinunua, msainie ukurasa wa mbele na umshukuru vizuri.

Zilizobaki na kuchapa tena

Pwani yetu ina unyevu, na masika ya Machi hadi Mei hayana huruma na karatasi. Usiweke maboksi sakafuni wala usiyaegemeze ukutani. Weka mbao chini, acha nafasi ya mkono nyuma, na kagua mchwa kila wiki, maana wakipanda kwenye boksi la chini wewe utaona la juu liko salama. Nakala zilale, zisisimame. Zikisimama kwenye unyevu majalada yanajikunja.

Kuanzia siku ya kwanza ya mauzo tenga nakala moja, iandike "ya masahihisho", na kila kosa analokupigia msomaji liandike humo humo, kwenye ukurasa wake. Zikibaki nakala 30, anza kuuliza bei tena, usingoje ziishe, kwa sababu mchapaji anaweza kuwa na kazi nyingi na wateja wakapoa. Ukirekebisha herufi chache tu, tumia ISBN ile ile na uandike "chapa ya pili" na mwaka wake kwenye ukurasa wa hakimiliki. Ukiongeza sura au kubadilisha mambo makubwa, hilo ni toleo jipya na linahitaji namba yake, kama vile nakala ya PDF inavyohitaji namba tofauti na ya karatasi. Fedha za kuchapa tena zikate kwenye mauzo ya kwanza mapema: kila nakala ikiuzwa, ondoa 4,500 za mtambo uziweke kwenye akaunti au kibubu chake, na nyumbani wajue kwamba hizo hazikopwi.